Pengo kwenye Ramani ya Rubani

"Kwa wakazi wote wa nyumba hii, wa kudumu na wa muda," alitangaza Mjomba, "na kwa vizazi vitakavyokuja kuuliza mambo haya yalianzia wapi: kuanzia dakika hii, anga lote lililo juu ya vichwa vyetu, pande zote za dunia, lipo chini ya uangalizi wangu."

Alikuwa amesimama juu ya kigoda cha jikoni, mkono mmoja kifuani, mwingine umenyooshwa kuelekea dari.

"Amina," alisema Mama bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Sasa funga zipu, kaka. Huko nako kunahitaji mwangalizi."

Mtaa mzima ulimwita Mjomba huyu Rubani, naye alidhani ni heshima. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima mizigo kwenye uwanja wa ndege, kazi aliyoifanya miaka mingi akiwa ameipa mgongo njia ya kurukia, kwa hiyo ndege alizijua kama mpika karamu anavyoijua ngoma ya ukumbini: kwa kusikia. Mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Ndege ni mbali. Hata ngazi ilimshinda. Akikanyaga kipandio cha tatu, magoti yake yalianza kusemezana. Kigoda kile cha jikoni ndicho kilichokuwa kilele cha urubani wake.

Mpwa wake, binti wa huyo Mama wa mchele, alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka shule ya bweni, na zipu ya Mjomba haikumchekesha. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. Shuleni walimwita Upupu, na jina likamfuata mpaka nyumbani, kwa sababu inayohusu shuka za matroni, ambayo haitaelezwa hapa kwa kumheshimu matroni na ngozi yake. Upupu akikaa kimya, wenye akili hukagua kiti kabla ya kukikalia.

Alinuna kwa ajili ya chumba chake. Alikuta kitanda kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa paredi. Kwenye meza yake ya kusomea kulikuwa na kisanduku chenye taa ya kijani, kompyuta nzee, na nyaya zilizozagaa kama tambi zilizomwagika. Mlangoni kulibandikwa tangazo: CHUMBA CHA MITAMBO. USIINGIE.

"Na mimi nitalala wapi?" aliuliza.

"Sebuleni, mpwa wangu. Sayansi inadai nafasi."

"Sayansi au wewe?"

"Katika nyumba hii ni kitu kimoja."

Sayansi yenyewe ilikuwa hivi, kwa wale ambao hawajawahi kulazimishwa kuisikiliza mdomo ukiwa umejaa chakula. Kila ndege inapopita hutoa mawimbi ya kujitambulisha: jina langu ni hili, nipo juu kiasi hiki, nipo mahali fulani. Kile kisanduku cha Rubani, kipokezi, huyanasa mawimbi hayo kwa antena. Ndege ikizidi kwenda mbali, mawimbi hufifia mpaka kipokezi kisikie kimya. Rubani alitaka kujua kimya hicho kinaanzia wapi, kila upande. Basi alibandika ramani kubwa sebuleni, nyumba yao ikiwa katikati, akawa anachomeka pini pale pa mbali kabisa ndege iliposikika. Ikisikika ya mbali zaidi, pini inasogezwa nje. Pini zote zilizungushiwa uzi mwekundu, na uzi huo ndio uliokuwa mpaka wa masikio ya Rubani.

Duniani kuna wenzake wa jinsi hiyo. Aliwaita "ndugu zangu wa anga". Huonyeshana maumbo ya nyuzi zao mtandaoni kama watu wengine wanavyoonyeshana picha za wajukuu, na mwenye duara pana hupewa pongezi. Rubani alitaka duara. Maishani mwake kila kitu kilikuwa kimempindia, na sasa alitaka kitu kimoja cha mviringo.

Ila antena haiwezi kukaa dirishani, hutakiwa juu. Paa la nyumba lilikuwa la zege, bapa, lenye ukuta wa kufika kiunoni kulizunguka, na hakukuwa na njia ya kufika huko ila ngazi ya chuma ya kuegemeza.

"Ningepanda mwenyewe," alisema Rubani, akiishika ngazi kama mtu aliyeombwa kumshika ng'ombe wa jirani. "Lakini lazima mwenye utaalamu abaki chini asimamie."

Upupu alipanda, bado na sare ya shule. Aliisimamisha antena, bomba jembamba jeupe, kwenye chuma kilichochomoza pembeni mwa paa. Rubani akakimbilia ndani kutazama kama taa inapepesa. Hapo ndipo Upupu alipokumbuka somo la fizikia. Mwalimu wa somo hilo alizoea kuzungumza na ubao, kwa sababu ubao haukumzomea, na katika muhula mzima ni sentensi moja tu iliyomponyoka ikamwangukia Upupu: mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma.

Alishuka. Akapita jikoni. Akapanda tena na mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama, ile ya shughuli, mpana kama usukani wa lori. Aliusimamisha kando ya antena, karibu kabisa, upande wa kaskazini-mashariki, si kwa hila yoyote ila kwa kuwa upande huo ndio uliokuwa na pa kufungia. Kamba hakuwa nayo. Akavua tai ya shule akafungia kwa fundo la bwenini, lile la kufungia godoro siku ya kuondoka, ambalo hata kiranja mkuu hulifungua kwa meno.

"Tayari?" Rubani alipaza sauti kutoka ndani.

"Tayari, Mjomba. Anga ni lako."

Kwa siku kadhaa Upupu alikula raha ya bure. Alilala kwenye kochi chini ya ramani, na kila asubuhi alimtazama Mjomba akija na kikombe cha chai kuangalia himaya yake. Uzi ulipanuka kusini, ukapanuka magharibi. Kusini-magharibi hasa ulitokeza kama kitambi, maana mfuniko ulikuwa ukiyarudisha mawimbi ya upande huo kwenye antena kama sahani inavyorudisha mwanga. Kitambi hicho Rubani alikiita kipaji. Lakini kaskazini-mashariki pini zilibaki zimeikumbatia nyumba, wala hazikusogea. Himaya ilionekana kama biskuti iliyoumwa.

"Kuna pengo," alisema Rubani.

"Labda upande huo ndege zina haya, Mjomba."

"Ndege haina haya. Ndege ni chombo."

"Au zimesikia kwamba unasikiliza."

Rubani alilitafakari hilo kwa dakika nzima. Upupu aliingiza uso kwenye mto akacheka mpaka kochi likalia. Ndivyo alivyowaona watu wazima wote: unawapa ujinga uliovaa tai, nao wanasimama kuupisha.

Huku jikoni, wali wa Mama ulikuwa ukiiva kwa kusuasua chini ya sinia lililopinda. Mama alitafuta mfuniko wake chini ya meza, nyuma ya jiko, ndani ya pipa la unga, kisha akanyanyua kidevu kuelekeza uani.

"Mfuniko hauoti miguu," alisema. "Na anayeingia jikoni kwangu bila hodi ni mmoja tu."

Huyo mmoja alikuwa dobi, mwanamke aliyepanga chumba cha uani, aliyeitwa Povu kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. Alifua shuka za nyumba za wageni, marundo kwa marundo. Kwa tabia ya kuazima hakuwa malaika. Aliwahi kuazima pasi ya Mama akairudisha bila waya, na alipoulizwa akasema waya hakuutumia. Kwa hiyo Mama alipomwita mwizi, mbele ya beseni lake, kwa sauti iliyovuka ukuta, Povu alijitetea kwa maneno mengi na hakuna hata moja lililoaminika.

"Haki ya Mungu, Mama Upupu, mimi mfuniko niupeleke wapi? Nifunikie shuka?"

"Pasi yangu nayo ulisema hivyohivyo."

Upupu alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Angesema hapohapo, yangekuwa mambo ya kofi moja na kicheko cha wiki. Alifungua mdomo, akatema povu la dawa, akaufunga. Alijiambia kwamba dobi amezoea kugombana. Ugomvi kwake ni kama sabuni, humaliza mmoja akafungua mwingine.

Siku iliyofuata Rubani alifanya uvumbuzi. Alichukua rula, akaiweka katikati ya ramani, akapiga mstari kupita katikati ya pengo. Kisha akatoka nje na dira ya kwenye simu, akitembea hatua fupifupi huku amekodolea kiganja, akapita jikoni, akapita uani, akakanyaga beseni la Povu, na alipoinua macho akajikuta ana kwa ana na tangi.

Lilikuwa tangi la chuma la Povu, juu ya jukwaa la vyuma refu kupita paa la nyumba. Alilisimamisha kwa ruhusa ya Bibi, mwenye nyumba, enzi za uhai wake. Bomba za mtaa huo hutoa maji zinapojisikia, na dobi hawezi kungoja bomba ijisikie. Tangi hilo ndilo lililokuwa kazi ya Povu. Mengine yote yalikuwa sabuni.

"Adui nimemwona," alisema Rubani.

"Baba, toa mguu kwenye shuka za watu," alisema Povu.

"Tangi lako linaziba kaskazini-mashariki."

"Tangi langu linaziba njaa. Hiyo kaskazini-mashariki mimi sijawahi hata kupakana nayo."

"Ndege zinapita nyuma ya tangi hili, dada, na mimi sizisikii."

"Zilikuwa na ujumbe wako?"

Rubani alijivuta akawa mrefu kadiri alivyojaliwa. "Litashushwa. Fundi atakuja wiki hii hii. Bibi aliniachia mimi kiwanja hiki."

"Yaani unanifukuza."

"Sikufukuzi. Naondoa tangi tu."

"Mzee," alisema Povu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka, "unakausha bwawa halafu unamwambia samaki hujamfukuza."

Upupu aliyasikia haya kutoka dirishani. Akaondoka mbio kuifuata ngazi, apande, aufungue mfuniko, pengo lijifute kimyakimya na mtu asiulizwe lolote. Mahali pa ngazi palikuwa na ukuta mtupu. Fundi wa kuchomelea, aliyeitwa Cheche, alikuwa ameichukua mapema kwenda kuziba kipandio kilichopasuka. Upupu alijaribu kupanda kwa nondo za dirisha. Akafika katikati, akateleza, akatua kwenye kapu la vibanio vya nguo. Goti lilichubuka, heshima pia, ila hakukuwa na shahidi.

Akajaribu kwa Mjomba.

"Kabla hujalikata tangi, Mjomba, kwa nini tusipande kuangalia antena kwanza?"

"Antena niliisimamia mwenyewe ikifungwa."

"Uliisimamia ukiwa sebuleni."

"Rubani wa kweli, mpwa wangu, hachungulii dirishani. Anaamini mitambo." Akaigonga ramani kwa ukucha. "Ramani haidanganyi."

Upupu alimtazama mtu huyu mwenye nywele za mvi, aliyekuwa tayari kumnyang'anya mwenzake maji kwa sababu ya uzi na pini, na dharau ikamjaa mpaka masikioni. Kisha dharau ile, kama kuku anayejua kibanda chake, ikageuka ikarudi ilikotoka. Nani aliyempa hizo pini mahali pa kusimama? Neno lenyewe lilikuwa fupi. Aliliahirisha mpaka chakula cha mchana. Chakula kikaja, pamoja na wali mbichi juu na ulioungua chini, akaliahirisha mpaka kesho. Alikuwa amewahi kusimama mbele ya mwalimu mkuu akadai, bila kupepesa, kwamba mbuzi ofisini kwake aliingia kwa hiari. Lakini uongo wa shule una wenzako thelathini nyuma wanaouma midomo wasicheke. Huu alikuwa nao peke yake.

Jioni hiyo alimsikia Povu akizungumza kwenye simu na mteja wake, ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Ndiyo, dada. Tafuteni mwingine tu. Hapana, siumwi. Hapana, hamjanikosea. Basi tu, dada. Zile zilizobaki nitazileta zimekauka." Halafu akakata simu akabaki ameishika. Hakutukana mtu. Upupu, aliyezoea kumsikia dobi huyu akimtukana hata mvua, alitamani atukane.

Cheche alifika asubuhi iliyofuata na ngazi begani, mashine ya kukatia mkononi, na miwani myeusi iliyomfanya aonekane kama nzi aliyesoma. Aliegemeza ngazi kwenye jukwaa la tangi, akageuka kutafuta soketi ya umeme. Alipogeuka tena, Povu alikuwa juu. Amekaa kwenye kifuniko cha tangi, kanga imefungwa kiunoni, miguu inaning'inia.

"Kata!" alipiga kelele. "Kata, nishuke nalo!"

"Dada, mimi nimeitwa kukata chuma," alisema Cheche. "Watu sikati. Ashuke kwanza, Mzee."

"Shuka, dada!" alisema Rubani.

"Njoo unishushe!"

Rubani aliitazama ngazi. Ngazi ikamtazama. "Nakuamuru kutokea hapa," alisema.

Mama alitoka jikoni na mwiko. Upupu alikuwa amesimama karibu na kamba ya kuanikia, mikono nyuma, kama siku ya ukaguzi wa makucha. Povu, kule juu, aligeuza uso asiwatazame, akaangalia upande wa paa la nyumba, ambalo hakuna aliyelitazama tangu antena ipandishwe. Akainamisha shingo. Kisha akapiga kigelegele cha hasira.

"Hee! Mama Upupu! Njoo uone mfuniko wako! Uko juu ya paa lako mwenyewe! Tangu juzi naitwa mwizi, nao uko hapa unaota jua, umefungwa kwenye hili bomba la Mzee! Tena umevalishwa tai!"

Cheche aliiweka mashine yake chini.

Rubani alifumba macho. Upupu aliona wazi hesabu ikipita usoni pake: mfuniko, chuma, kando ya antena, kaskazini-mashariki. Alielewa. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, mtu huyu alielewa jambo upesi. Kisha akafumbua macho, akakohoa, akasema:

"Huo ni mfuniko wa kuakisi. Niliuweka mimi. Ni sehemu ya mtambo."

Upupu nusura aanguke. Mjomba wake alikuwa radhi aonekane mwizi wa vyombo kuliko kuonekana mtu aliyelipangia tangi la mwenzake hukumu kwa sababu ya mzaha wa mtoto. Na mlango ulikuwa wazi mbele yake: anyamaze tu. Povu amesafishwa wizi, Mjomba amejitwika mfuniko, na yeye angerudi shule bila doa. Kilichobaki ni tangi.

"Uliuweka wewe?" Mama alimuuliza kaka yake. "Juu ya paa? Wewe, ambaye ukipanda kitandani unashika ukuta?"

"Kwa maelekezo yangu, uliwekwa. Fundi, endelea."

"Na yeye?" Cheche aliuliza, akinyoosha kidole juu.

Povu alikuwa ameanza kushuka. Alikuwa ameuona ushahidi wote, lakini hakujua ni ushahidi wa nini. Alidhani umemwondolea wizi tu, na tangi ni habari nyingine. Alishuka kipandio kwa kipandio kama mtu anayetoka msibani, akafika chini, akasogea kando kumpisha fundi.

Cheche akavaa miwani.

"Ngoja," alisema Mama. Hakumwambia Cheche wala Rubani. Alikuwa amegeuka, na mwiko ulikuwa umeelekea kamba ya kuanikia. "Mfuniko umeazimwa na sayansi, sawa. Na tai ya shule? Tangu uje, mwanangu, nakuuliza tai iko wapi nikaifue. Ukasema imebaki bwenini."

Macho manne yakamgeukia, kisha sita, kisha na miwani ya Cheche. Upupu alikimbilia silaha pekee aliyokuwa nayo. Akapanda juu ya ndoo ya Povu iliyogeuzwa, akaweka mkono mmoja kifuani.

"Kwa wakazi wote wa nyumba hii, wa kudumu na wa muda, na kwa vizazi vitakavyo..."

"Shuka," alisema Mama. "Sema ukiwa chini."

Alishuka. Chini kulikuwa na maji ya sabuni yaliyopoa, na soksi zake zikayanywa. Alimtafuta mtu wa kumdharau ili apate nguvu ya kusema. Mjomba alikuwa akizitazama ndala zake. Povu alikuwa akikamua upindo wa kanga uliokuwa umeshakamuka.

"Ni mimi," alisema Upupu. "Mfuniko niliuchukua mimi, nikaufunga mimi, kwa sababu ya chumba changu. Pengo ni la mfuniko. Tangi halizibi kitu. Mjomba hakujua, anasema tu." Alidhani hayo ndiyo yote, kisha akaona kwamba aliyesemewa hayo ni Mjomba na ramani yake, na Povu bado alikuwa amesimama pale.

"Na ile siku Mama alipokuita mwizi," alimwambia, "nilikuwa mlangoni. Nilikuwa najua mfuniko uko wapi. Nikapiga mswaki."